Jibu la Tatu Tupu

Binti yangu alipigishwa magoti mbele ya wenzake kwa sababu jibu lake lilikuwa zuri kupita kiasi. Sitaki kulisema kwa upole.

Hesabu ilikuwa 12 345 679, bila nane ndani, mara 27. Alipata 333 333 333. Aliirudia kwa kipande cha mkaa kwenye saruji ya barza mbele ya nyumba, akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nasonga bukari, ugali wetu wa jioni. Nilimwambia aache kucheka, alete maji.

Shuleni, mwalimu wake akapata 333 324 333. Akachora ule msalaba wa kenda, yaani tisa, tuliofundishwa sisi wote: unajumlisha tarakimu za kila namba, unatupa kenda, unaangalia kama mabaki yanapatana. Yakapatana. Akamwambia mtoto amechezea namba. Magoti!

Asubuhi nilimfunga mdogo wake mgongoni, nikaingia darasani.

— Mwalimu, jibu ya mutoto uliipimia preuve, ule musalaba?

— Ya nini, mama? Yangu ilitoka. Namba haijipangake vile, sawa bantu ya défilé mu mustari. Weye ulisomaka?

— Nilisomaka. Na diplôme niko nayo. Leta chaki.

Akanipa, nikasimama ubaoni.

— Makumi mbili na saba iko kenda mara tatu, njo vile?

— Njo vile.

Ukitaka namba mara kenda, ichukue mara kumi, toa yenyewe. Nikaandika 123 456 790, nikatoa 12 345 679. Zikashuka moja tupu, kuanzia mwisho hadi mwanzo. Nikazidisha mara tatu. Mtoto mmoja akapiga kelele: “Tatu! Tatu zote!”

— Na preuve? akauliza mwalimu.

— Preuve yako inaitikia kila kitu! 27 inagawanyika na kenda, basi jibu lolote linalogawanyika na kenda litapita. Lako limepungua elfu kenda kamili. Msalaba utaonaje?

Alipitisha kidole chini ya namba zangu. Aliona, najua aliona. Kisha akachukua kitambaa, akafuta vyote.

— Mama, ile ya kwako haiko mu programme ya masomo.

Programme! Mtoto amepiga magoti juu ya saruji kwa kosa la mtu mzima, na mtu mzima anajificha nyuma ya programme. Hata “pole” hakumwambia. Msalaba ni chombo kizuri, unakamata makosa mengi. Lakini yeye aliugeuza kuwa hakimu, kisha akajiweka nyuma yake.

Jioni binti yangu hakugusa chakula.

— Mama, kesho atatupatia ileile tena. Niandike gani?

Hilo ndilo lililoniuma kuliko magoti. Alikuwa anajua jibu, na bado ananiuliza.

— Andika tatu.

— Atanipigisha tena.

— Basi atatupigisha wawili. Kula.

Akavuta sahani. Asubuhi nilifika mlangoni mwa darasa kabla ya mwalimu, mdogo mgongoni, binti yangu kando yangu, nikasimama kumngoja.