Siku Nilipoanua Nguo za Bi Mwanasiti

Nichekeni tu, maana hata mimi siku hizi najicheka, lakini siku ile pale Ukunda sikucheka hata kidogo: nilijua nakufa, na aibu kubwa zaidi ni kwamba nilikuwa nafia sidiria ya mtu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, intaneti ndiyo kwanza inaingia, na mimi Mutua, mtu wa bara, nimeajiriwa kwenye ofisi ndogo ya kupeleka wageni kisiwani Funzi kwa mashua. Kompyuta moja, modemu moja, na waya wa simu uliotubebea barua pepe. Asubuhi hiyo Wajerumani walikuwa wanangoja majibu yetu kabla ya adhuhuri, na barua inajikokota, inakatika, inaanza upya. Tajiri yangu, Bwana Salim, akaniambia taratibu, "Mutua, kundi hili likitupita mimi nafunga ofisi, nawe urudi kwenu."

Nikazima kompyuta nikaiwasha, nikachomoa faksi, nikabadilisha waya wa kutoka ukutani hadi kwenye modemu, wapi! Nikainua mkono wa simu nikasikiliza, laini inachacharika kama bajia kwenye mafuta. Basi ubovu uko nje (hapo nikajiona fundi). Nikaufuata waya kutoka dirishani, ukapita juu ya ukuta, ukaingia ua wa jirani, na hapo ndipo nilipokata shauri langu dogo: nikaona kupiga hodi na kungoja salamu zote zile ni kupoteza muda, nikasukuma makuti ya ua nikaingia.

Kumbe waya wetu ulikuwa umelegea mpaka ukawa kamba ya kuanikia! Nguo mbichi zimeujaa, maji yanachuruzika hadi kwenye kiungio kilichofungwa kwa utepe uliochakaa. Nikaanza kuanua mbio mbio, kanga begani, sidiria mkononi (kubwa, wallahi), nikakipangusa kiungio kwa pindo la shati.

"We! Wafanyani na nguo zangu?"

Alikuwa Bi Mwanasiti, mwenye nyumba, mwiko mkononi. Nami badala ya shikamoo nikamwambia, "Natafuta intaneti."

"Mwizi!" akapiga ukelele, na majirani wakajaa ua mzima. Mmoja akasema, "Huyu si mwizi, huyu apeleka nguo za watu kwa mganga." Jamani, mwaka ule, baada ya zile ghasia za kuwafukuza watu wa bara pwani, sisi tulikuwa bado tunatembea na roho mkononi, na mtu mmoja wa miraba minne alishanikamata kola. Nikawaomba, karibu nilie, twendeni ofisini niwaonyeshe kwa macho yenu.

Wakaniburura. Bwana Salim alipotuona akasimama, kinywa wazi. Nikapiga laini, na modemu, kama kawaida yake ikiunganishwa, ikapiga yale mayowe.

"Audhubillahi!" Watu wakarudi nyuma mpaka barazani. "Jini! Ndilo alilishalo nguo zetu!"

Aliyenishika kola hakurudi nyuma, alikaza. Nikafumba macho nikasali Kikamba, nikamkumbuka mama Machakos, nikawaza atazika nini, mimi au jeneza tupu. Mayowe yakakatika. Kisha nikasikia sauti ya Bwana Salim, "Imekwenda! Barua imekwenda yote!"

Ndipo nikamwambia habari ya waya na maji, naye akawaeleza, mara mbili, na kola yangu ikaachiwa. Bi Mwanasiti akanisogelea, akaichukua sidiria yake (muda wote huo nilikuwa nimeishikilia), akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, ungelipiga hodi, ningelizianua mwenyewe. Na chai ungelikunywa."

Wajerumani walikuja, ofisi haikufungwa, Bwana Salim akamnunulia Bi Mwanasiti kamba yake. Lakini mimi ule mkono kolani nausikia mpaka leo. Napiga hodi hata kwenye choo changu mwenyewe, na nisiposikia karibu, siingii.