Taa Nyeupe za Pikapu ya Mpima Ardhi

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Waya, na ungemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake pengine hata asingegeuka. Alikuwa fundi umeme wa magari, mwepesi wa kucheka, mwenye mazoea ya kusema na magari kama daktari na wagonjwa. "Haya, unaumwa wapi leo?" angeuliza, kichwa kimezama chini ya boneti. Watu walimpelekea magari yao kwa sababu hakuwa fundi wa kulipualipua kazi.

Ufundi huo alifundishwa na Mzee Plaizi, enzi ambazo gereji nyingine zilimwambia akatafute cherehani. Mzee alimpa ovaroli yake kuukuu, akamwambia akunje mikono, wakaanza kazi. Miaka sita alikaa naye. Kulikuwa na somo moja ambalo mzee alilirudia mpaka wanafunzi wakawa wanamwigiza: taa haijafungwa mpaka ipimwe ukutani. Gari liegeshwe sehemu tambarare, ukuta uchorwe mstari kwa chaki, mwanga ukae chini ya mstari. "Wewe unamfungia huyu," alikuwa akisema, "lakini anayezipokea machoni ni mwingine."

Ijumaa moja jioni akaja mpima ardhi na pikapu yake ya zamani. Alikuwa mtu wa safari za alfajiri, kwenye barabara zisizo na taa hata moja.

"Mama Waya, mwenzio barabara siioni. Juzi nusura nimgonge ndama." Akatoa boksi: balbu mbili za zenoni, zile za mwanga mweupe mkali, na vile viboksi vyake vya kukuza umeme.

Mama Waya akafungua taa, akatazama ndani. "Bakuli hili ni la balbu za kawaida. Hizi mwanga wake utatawanyika."

"Utatawanyika uende wapi? Si mbele tu?"

Wakacheka wote wawili. Akafunga. Ilibaki kupima, lakini mbele ya ukuta palikuwa na basi dogo lililoshushwa injini, mvua ilikuwa imeanza kudondoka, na dada yake alikuwa amefika nyumbani kutoka safari. "Pita Jumatatu tuzipime," akasema. Mpima ardhi akawasha, na uchochoro mzima ukawa mweupe mpaka paka akaruka ukuta. "Sasa hizi ndizo taa!" akashangilia, na Mama Waya akajisikia fundi kwelikweli. Jumatatu ikapita. Mteja hakuja, na fundi hakumpigia.

Siku kumi na moja baada ya kazi ile, Mama Waya akaletewa habari: Mzee Plaizi ameanguka mtaroni na baiskeli. Akaacha gari la watu wazi, akakimbia. Alimkuta kitandani, mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka juu ya kiwiko.

"Shikamoo Mwalimu. Pole sana. Imekuwaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nafuata maziwa, alfajiri hii. Kwenye kona ya kiwanda cha matofali likatokea gari. Gari lenyewe sikuliona. Niliona weupe, weupe mtupu wenye ubluu pembeni, na taa ya kushoto inatazama juu kama inatafuta ndege. Nikasogea kando. Kumbe kando hakuna!" Akacheka, maumivu yakamkatiza. "Kuna fundi amezifunga zile bila kupima. Ningemjua, mkono huu mzima ungemhusu."

"Atakuwa mmoja wa hawa vijana wa siku hizi," mkewe akasema.

"Huenda," Mama Waya akajibu.

Neno hilo moja lilimfuata njia nzima. Kona ile ndiyo aliyopitia mpima ardhi kila alfajiri.

Kesho yake akamwita na pikapu yake, akaielekeza ukutani. Mwanga wa kushoto ulipanda juu ya mstari kwa shubiri nzima. Akazing'oa balbu zile, akafunga za kawaida, kisha akasugua vioo vya taa vilivyokuwa vimefubaa na kuwa vya manjano. Alipowasha, barabara ilionekana vizuri.

"Kumbe tatizo lilikuwa ukungu tu?" mpima ardhi akashangaa.

Kazi ya nusu saa. Mama Waya akamweleza yaliyotokea kwenye kona, na yule bwana akakaa juu ya tairi, mikono kichwani. Hakuwa ameona mtu yeyote.

Kwa mzee hakusema. Kila jioni alipeleka supu, akafua mashuka, akatengeneza bawaba za dirisha. Mke wa mzee akawa anamsifu mbele ya majirani: "Huyu si mwanafunzi, huyu ni mtoto wa kuzaa." Kila sifa ilimchoma kama sindano.

"Ukimwambia, mkono utapona haraka?" mumewe alimuuliza.

"Hapana."

"Sasa?"

"Sasa ananishukuru, baba watoto. Kila nikiaga, ananishukuru."

Plasta ilipotolewa, vidole havikukunjika. Mzee, ambaye tangu astaafu alikuwa akitengeneza redio za majirani, alijaribu kushika bisibisi, ikamponyoka. Akajaribu tena, ikaanguka tena. "Vitarudi tu," akasema, bila kumtazama mtu.

Mama Waya akaiokota, akapiga moyo konde. "Mwalimu, zile taa nilifunga mimi."

Mzee akatabasamu, akidhani ni mzaha. Kisha tabasamu likaisha.

"Ulipima?"

"Sikupima."

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Nilijua, nikaacha."

Mkewe alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Hakuna aliyemkaribisha chai. "Nenda nyumbani, fundi," mzee akasema. Fundi, si mwanangu.

Miezi miwili hakupokelewa. Mpima ardhi naye alikwenda kuomba radhi, akapewa kiti, akanywa chai, hata wakacheka. Mama Waya alipomkuta mke wa mzee sokoni, akauliza kwa unyonge kwa nini yule alipokelewa. "Yeye hakujua," mke wa mzee akamjibu, akaendelea kuchagua vitunguu.

Kisha siku moja akaitwa. Mzee alikuwa mezani, redio ya jirani imefunuliwa tumbo, chuma cha kulehemu kikipata moto pembeni. "Shika hiyo. Choma hapo, si hapo, kushoto." Kwa saa nzima alimwongoza, na mikono ya Mama Waya ikafanya kazi ambayo mkono wa mzee haukuweza tena. Habari za taa hazikutajwa. Redio ikakohoa, ikaimba.

"Kesho uje mapema," mzee akasema. "Kuna nyingine."

Alikwenda kesho yake, na wiki iliyofuata. Kama amesamehewa hakujua, na hakuthubutu kuuliza. Kwa lile neno "mwanangu" hajaitwa tena mpaka leo.