Pumzi Juu ya Chuma

Mke wangu ni mkemia. Majirani wakisikia hivyo huuliza kama anatengeneza sabuni, naye huwajibu kwamba hata ya kufulia hununua dukani. Kazi yake ni kupaka vipande vya chuma tabaka jembamba la kunasa kaboni dioksaidi, hewa ileile inayofuka viwandani. Kipande huingizwa ndani ya chombo, kikalishwa hewa hiyo kidogo, kisha kikapashwa moto, hewa ikatoka, ikapimwa.

Maabara nzima ilikubali kwamba ana mkono wa kazi. Vipande vyake vilitoa hewa nyingi kuliko vya mtu yeyote. Mtafiti wa meza ya pili, waliyempachika jina Taratibu, alifuata maelekezo yake neno kwa neno, na bado vyake vilitoa kiduchu.

“Huyu analegalega,” mkuu wa maabara akasema. “Mwezi ukiisha, aondoke.”

Mke wangu alimhurumia, ingawa moyoni alijiona bingwa. Mimi ndiye niliyevimba kichwa zaidi.

Jumapili moja niliipulizia miwani yangu pumzi nikaifuta kwa shati. Akanikazia macho kana kwamba nimemtukana.

“Hebu rudia.”

“Nirudie nini, mama watoto?”

“Hivyo ulivyofanya. Haaa!”

Nikarudia. Akaketi, mikono kichwani.

Kumbe kila akimaliza kupaka hukipumulia kipande: ukungu ukitanda sawasawa, basi tabaka limeshika. Alifundishwa hivyo zamani, na kwa mazoea hakuona haja ya kumwambia mtu. Na pumzi ya binadamu imejaa hewa ileile. Vipande vyake vilikuwa vinaingia kwenye chombo vimeshashiba.

“Mwaka mzima napima pumzi yangu mwenyewe!” akasema. Nikacheka. Nilipoona machozi yake nikaacha.

“Sasa utafanyaje?”

“Mwenzangu anafukuzwa kwa kosa langu, unaniuliza nitafanyaje?”

Kesho yake alipaka upya, mdomo ameufunga kwa kitambaa. Vikatoa kiduchu, sawa na vya mwenzake. Akasimama mbele ya wote akaeleza. Mkuu alinuna, maana sifa za vipande vile zilishatangazwa.

Taratibu alikuwa ameshafungasha vitu vyake kwenye boksi.

“Kwa hiyo, dada, vyangu vilikuwa sawa?”

“Tangu mwanzo.”

Akaliweka boksi chini, akajifuta uso kwa koti lake jeupe.

“Mama nimeshamwambia kwamba kazi hii siiwezi,” alisema. “Alinisomesha peke yake. Ngoja nimpigie simu.”