Ndama wa Gari la Moshi

Mwanangu, kuna wakati niliamini kabisa, kwa akili zangu zote timamu, kwamba gari la moshi linazaa. Usicheke bado.

Enzi za Mwingereza, reli ilipoletwa huku Singida kutokea Manyoni, hapa palipojengwa stesheni palikuwa na nyasi na fisi tu. Wakaja wapasua mawe na mahema yao, likaja duka la Mhindi, likasimama tangi la maji kubwa hata kunguru wakilizunguka walipumzika njiani. Mji ukaota. Halafu likaja gari lenyewe, likapiga honi, mbuzi wa kijiji cha Mkiwa wakakimbia na hawajarudi mpaka leo. Kesho yake kikapita kiberenge, kale kagari kadogo ka mafundi wa reli: njia ile ile, sauti nyembamba. Sisi wafugaji tukatazamana.

"Ndama," akasema rafiki yangu Ntandu. "Atakua huyo."

Basi, wakati huo nilitaka kumwoa Zainabu, na baba yake, Mzee Njiku, alitaka ng'ombe. Mimi nilikuwa na mmoja, amekonda hata kivuli chake kilimzidi unene. Na mwashi mmoja mwenye ng'ombe wa kutosha alikuwa anasubiri mavuno tu aje kuposa. Sasa, desturi yetu unaijua: mwenye ng'ombe wengi humwachia mwenzake wachache awachunge, naye mchungaji hunywa maziwa, na baadaye hupewa ndama. Nikajiuliza, kwa nini Serikali isiniachie kiberenge?

Nikamweleza Mzee Njiku. Nilidhani atanifukuza. Akanusa ugoro, akafikiri.

"Jike au dume?"

"Sijui, mzee."

"Kijana, unaomba mfugo usioujua jike wala dume? Twende nikakuangalizie."

Tukaenda mchana kweupe, mimi na mzigo wa majani mabichi, yeye na magadi ya kulambisha. Kiberenge kilikuwa kimesimama kando. Nikakiwekea majani. Hakikula.

"Kigeni hiki," mzee akasema, "hakijatuzoea." Akapiga magoti, akaingiza kichwa chini yake.

Hapo akatokea Zainabu na kibuyu chake. Kila siku aliwauzia mafundi maziwa.

"Shikamoo baba. Unatafuta nini huko?"

"Marahaba," sauti ikajibu kutoka chini. "Naangalia kama kina kiwele."

"Baba, toka, utapakaa grisi! Hicho ni chuma. Juzi kilikuwa vipande vipande hapa, wanakigonga nyundo. Hakili, hakikui, hakizai. Na wewe Saidi, mimi nashinda hapa, umeshindwa kuniuliza?"

Mafundi walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee akatoka na grisi kwenye kipara. Tukashika njia ya kurudi. Karibu na nyumbani akanishika bega.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na Zainabu tu, mzee. Wale mafundi ni wageni."

Akavuta pumzi. "Lete huyo ng'ombe wako mwembamba. Wengine utaleta ukipata. Jambo hili libaki ndani ya ukoo."

Ndivyo nilivyooa. Reli ilikuja kung'olewa, likabaki tuta. Mzee naye ametangulia, ndiyo maana nathubutu kusema. Zainabu bado anacheka.

Mwanangu, ukisikia jambo la ajabu, usikimbilie kukata majani. Muulize kwanza anayeshinda pale, hata kama ni yule unayemwonea haya. Mungu akupe masikio mazuri, na mkwe mwenye aibu.