Nusu ya Kichwa cha Wifi

"Nitatokaje hivi, wifi?"

"Kwa miguu," msusi akajibu. Akaweka kitana mezani, akaukalia mtandio wa wifi yake.

Dada huyo wa mumewe alijitazama kiooni. Upande mmoja nywele zimesukwa nyembamba kama uzi, zimelala kwa adabu. Upande wa pili zimesimama kama zilizomwona simba. Na kesho anaozesha binti.

"Nimekukosea nini?"

"Uliwaambia wateja wangu viganja vyangu vinaambukiza."

"Niliuliza tu."

"Uliuliza mtaa mzima."

Viganja vile vilikuwa vimemtesa kweli. Vilitoa vipele vya usaha, vikakauka, vikabambuka, vikaota vingine. Vilimwasha hivi kwamba angepewa msasa angejikunia na kusema asante. Daktari wa ngozi akamweleza: maradhi adimu, kinga ya mwili wake mwenyewe imemgeukia, wala hayaambukizi hata akishikana mikono na dunia nzima. Kila usiku akawa anapaka dawa, anazungushia nailoni, anavaa glavu za pamba na kulala mikono juu kama aliyekamatwa na polisi. Hospitali wakamulika viganja kwa taa maalumu. Taratibu ngozi ikatulia, vidole vikarudi kazini.

Wateja hawakurudi. Saluni ilikaa tupu hadi mbu wakahama kwa njaa.

Halafu asubuhi hii wifi huyohuyo akaingia kwa mlango wa nyuma, kajifunika gubigubi, anataka pazia lishushwe. Usukaji ule mwembamba hakuna mwingine aliyeuweza. Msusi akampokea kwa tabasamu, akasuka nusu ya kichwa kwa ufundi wake wote, akaacha.

"Viganja hivi vimekushika kichwa tangu asubuhi. Unawashwa?"

"Siwashwi."

"Basi kawaambie."

"Baada ya harusi."

"Sasa hivi, na kichwa hichohicho, nyumba kwa nyumba. Ukirudi namalizia."

"Una roho mbaya, wifi."

"Ile nzuri uliimaliza wewe. Anza na fundi cherehani, ndiye uliyemtisha wa kwanza."

"Yule na mdomo wake? Atanicheka mpaka nizikwe. Nipe mtandio wangu."

"Njoo uuchukue."

Wifi akauvuta, msusi akazidi kujikalisha, na kiti kikalia. Ndipo pazia la mbele likafunuliwa. Fundi cherehani aliingia na gauni la mama wa bibi harusi mkononi.

"Nimekutafuta kwako, nikaambiwa…"

Akakitazama kile kichwa. Kisha akavitazama viganja vya msusi.

Wifi akauachia mtandio, akafungua mdomo.