Paneli Iliyotazama Ziwa

"Mayai yanapoa kwa nini, na jua liko?"

Mama aliniuliza hivyo asubuhi moja ya mwezi wa saba. Alikuwa amefungua mashine ya kutotolesha vifaranga, kiganja chake kimelala juu ya mayai kama anayepima homa ya mtoto. Nikamjibu kwamba betri ni bandia. Nilikuwa na digrii ya sheria na mdomo usionyamaza.

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la mbao lenye balbu mbili na feni ndogo. Balbu zililishwa na betri, betri ikalishwa na paneli ya jua juu ya bati letu. Yai linahitaji joto lile lile siku ishirini na moja, mchana na usiku. Mama alikuwa ameweka mayai sitini, na hakuyaweka kwa mchezo. Tangu nimjue ananunua sambaza, wale dagaa wa ziwani, kwenye soko la Kituku, anawaanika uani, anauza sokoni. Mgongo ulikuwa umemshinda. Daktari alimwambia aache kuinama. Vifaranga hao ndio wangemtoa kwenye samaki, na wanawake wenzake wa Kituku alikwisha kuwaaga, kwa kicheko na majigambo kidogo.

Siku tisa kabla ya asubuhi ile, fundi alikuja kufunga paneli. Alikuwa mtu wa Rutshuru, mrefu, mpole, asiye na cheti chochote. Aliilaza karibu sawa na bati, ikatazama mbinguni. Mimi nilikuwa nimesimama chini na karatasi ya Kifaransa iliyotoka ndani ya katoni.

"Papa fundi, ulisoma wapi kwamba inalazwa hivyo?"

"Yulu ya mabati ya nyumba za watu, mademwazeli. Miaka kumi niko nasoma pale."

Mama akacheka. Mimi sikucheka. Nikamsomea: paneli ielekezwe kusini, iinuliwe nyuzi arobaini.

"Na hiyo karatasi," akauliza, "imeshafika Goma mara ngapi?"

"Karatasi imeandikwa na wahandisi."

"Basi waite wapande. Mi sigeuzi."

Alishuka, akamuaga Mama kwa heshima, akaenda zake. Nikapanda mwenyewe. Nilifungua dira kwenye simu, nikatafuta kusini, ambako kwetu ni upande wa ziwa, nikaisimamisha paneli kwa miguu ya chuma iliyokuwa katika katoni ile ile. Ilipendeza. Ilikuwa kama paneli za kwenye picha. Mama alikuwa ametoka kidogo barabarani. Aliporudi alitazama juu, akasema, "Aya," akaingia ndani kupanga mayai.

Siku za kwanza mambo yalikwenda, kwa sababu betri ilikuja imejaa. Halafu taa ndogo ya betri ikaanza kuwa nyekundu kila alfajiri. Nilishuku kila kitu. Nilisema betri ni bandia. Nilisema nyaya za yule fundi ni nyembamba. Nilisema ni vumbi la volkano, nikapanda na kitambaa na kuiosha paneli mara mbili mpaka nikauona uso wangu ndani yake. Nilimkataza hata Mama kusikiliza redio. Nje kiangazi kilikuwa kimekaza, mbingu haina wingu, mawe meusi ya uani yanachoma nyayo, na ndani mayai yanapoa.

Siku ile ile Mama aliyoniuliza, nilipanda saa sita mchana kuosha mara ya tatu. Mama alikuwa chini akianika sambaza aliowaita mzigo wa mwisho. Alikuwa amebanana na mikeka yake katika kile kijia kati ya nyumba na ua, upande wa kaskazini unaotazama volkano, huku upande wa ziwa kuna nafasi ya kutosha.

"Mama, si uwapeleke kule mbele? Kule ni pana."

"Kule iko kivuli."

"Kivuli saa sita?"

"Kivuli ya nyumba. Mwezi hii jua inapita kwa volkano. Itarudi kwa ziwa mwezi ya kumi na mbili." Akainua kichwa, mkono mmoja kiunoni. "Hata kuku inajua, we unauliza."

Niligeuka kutazama. Kivuli changu kilikuwa kimelala kwenye bati, kifupi, cheusi, kichwa kimeelekea ziwani. Paneli nayo ilikuwa inatazama ziwani. Nikakaa juu ya bati la moto bila kuhisi moto. Jua lilikuwa nyuma ya paneli. Nilikuwa nimeichukua paneli iliyolala vizuri, nikaigeuza ilipe jua kisogo.

Nimezaliwa mji huu. Nimecheza katika vivuli hivyo maisha yangu yote. Padri nilimdai ushahidi wa mahubiri yake, maprofesa niliwabishia mpaka wakanichoka, na karatasi sikuiuliza hata swali moja. Nilishuka nikaisoma upya. Chini kabisa kulikuwa na anwani ya mji wa Ulaya, ambako jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Mwandishi wake hakunidanganya. Alikuwa anazungumza na majirani zake.

Nikapanda tena, nikafungua miguu ya chuma, nikailaza paneli kama alivyoilaza fundi. Jioni ile taa ya betri ilikuwa ya kijani. Nililia kuiona, maana nilijua imechelewa.

Tulingoja siku ya ishirini na moja, ya ishirini na mbili, ya ishirini na tatu. Walitoka vifaranga wanne, mmoja akafa jioni. Mama alivunja mayai mengine nyuma ya nyumba, moja moja juu ya mawe, apate kuona. Ndani mlikuwa na vifaranga waliofikia ukubwa wa kidole gumba, na macho, wakaishia hapo. Harufu ilijaa uani.

Kesho yake alfajiri alijifunga kitenge cha kazi na kuchukua beseni la Kituku.

"Mama, acha. Mgongo wako."

"Nani ataenda? Karatasi?"

Aliondoka. Wale wanawake walimpokeaje, hakunisimulia, nami sikuthubutu kuuliza.

Miaka miwili baadaye yule fundi alikuja kwa jirani yetu, nikaenda kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika nyaya, akaonekana kushangaa kwamba sijui. Akaniambia kuwa siku ile, nilipokuwa juu ya bati na simu yangu, Mama alimfuata mpaka barabarani, akamwonyesha paneli niliyokuwa naigeuza, akamwuliza kama mayai yataanguliwa. Fundi alimjibu kwamba hapana, si kwa kutazama ziwa mwezi huu. Alijitolea kurudi nikiwa sipo, ailaze upya kimyakimya. Mama alikataa. Alimwambia, "Acha vile, papa. Mutoto yangu amesoma. Sitamupatisha haya."

Mama alijua kabla yai la kwanza halijaingia kwenye mashine.