Saa Mbili za Mteremko

Koleo hakuwa mtu wa kuona kinyaa ovyo. Katika ufundi bomba wake amezibua vyoo vya hoteli, vya shule na vya watu wanaojiita wastaarabu, akatoa humo nepi, nywele, mifupa ya kuku na safari moja meno ya bandia, yote kamili, yakimchekea. Kisha hunawa mikono na kula mkate wake bila wasiwasi. Lakini Jumamosi ile, akiwa ameketi kwenye kibaraza cha duka la magodoro pamoja na wenzake wa klabu ya kukimbia, alipata kichefuchefu ambacho hakuna choo kilichowahi kumpa.

Mwenye duka ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu, na klabu ilikuwa na desturi yake. Kabla ya mashindano kila mtu husimama, hutaja mbele ya wote muda atakaomaliza nao, na muda huo huchapwa mgongoni mwa fulana yake kwa tarakimu kubwa. Safari hii mashindano yalikuwa nusu marathoni, kilomita ishirini na moja, umbali ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuukimbia.

"Saa moja na nusu!" alisema kinyozi, ambaye tumbo lake hufika mlangoni kabla yake. Wakampigia makofi.

"Saa moja na dakika arobaini," alisema mwalimu wa hesabu. Mwalimu mzima, tena wa hesabu! Makofi tena.

Kiburi hicho kilitoka wapi? Kilitoka kwenye mazoezi yao ya kila Jumapili. Walianzia kwenye tangi la maji juu ya kilima, wakakimbia hadi stendi ya mabasi huko chini, kisha wakapanda pikapu ya mwenyekiti kurudi juu. Mteremko mtupu! Hata godoro lingesukumwa kutoka pale tangini lingefika stendi kwa muda mzuri. Kila mmoja alilijua hilo na kila mmoja alilimeza, maana wa kulisema angewaharibia wote starehe. Koleo naye alikuwa amelimeza miezi mizima, akijihesabia saa mbili kamili na kutembea kifua mbele.

Kilichombana ni kitindamimba wake, binti aliyefanya kazi kwenye duka la mikate, mwenye mwili mkubwa na maneno machache. Tangu utotoni alizoeshwa ahadi za baba yake zinazoishia njiani: leo bomba limepasuka mahali, kesho mteja anapiga kelele, na mtoto amevaa viatu vyake mlangoni. Sasa ni mtu mzima, na Koleo alitaka kufanya naye jambo moja kabla hajaolewa na kwenda zake. Alimwomba wakimbie pamoja, mwanzo hadi mwisho. Binti alifikiri siku kadhaa ndipo akajibu.

"Sawa, baba. Ila usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Tupange muda wa kweli, na tukiupanga tuufuate."

Basi pale kibarazani ikafika zamu yake.

"Haya, Koleo," mwenyekiti alisema. "Wewe na lori lako, yule bintiyo, je?"

Walicheka wote. Kinyozi alicheka hadi mate yakamtoka, yakaning'inia kidevuni, na Koleo aliyaangalia mate yale akahisi nyongo inampanda. Alisimama.

"Saa mbili na dakika hamsini."

"Ah, mzee! Hizo si mbio, hapo unasindikiza mgeni!" kinyozi alidakia.

"Mnisikilize," alisema Koleo. "Ninyi mnakimbia mteremko, mnabebwa kurudi, halafu mnajiita wanariadha. Mnanichefua. Mimi sitamwacha mwanangu. Mwili wake mnauona. Nitaenda mwendo wake, hata tukiwa wa mwisho."

Aliondoka akiwaachia fulana zao, na njia nzima alijipongeza kwa kuwa baba wa maana. Nyumbani alikula vizuri na kulala fofofo.

Asubuhi alikwenda na binti yake kwenye barabara yenyewe ya mashindano. Mpango ulikuwa mwepesi: wakimbie nusu ya njia, muda watakaoupata wauzidishe mara mbili, kisha waongeze kidogo kwa ajili ya miguu itakayokuwa imechoka. Jibu litakalotoka ndilo litakalokuwa lao, zuri au baya.

Barabara ile ilianza kwa kupanda. Binti alipanda kama anavyokanda unga, bila haraka na bila kusimama, pumzi yake ikisikika sawasawa. Koleo alikuwa naye bega kwa bega hadi kwenye karakana ya magari. Baada ya hapo alianza kuona mgongo wa binti, na kila mara mgongo ule ulikuwa ukipunguza mwendo, ukisimama kujifanya unafunga kamba za viatu, ukimngoja.

Kwenye mpando wa pili mkate wa asubuhi ulimrudi. Aliinama kwenye mtaro akatapika, kidogo mtaroni na kidogo kwenye kiatu. Alikaa pale kando ya uchafu wake. Uchafu wa watu wengine alikuwa ameushika maisha yake yote kwa mikono mitupu, lakini huu wake ulimshinda kuutazama.

Binti alirudi na chupa ya maji, akachuchumaa kando yake.

"Sukutua mdomo, baba."

Alisukutua. Binti akasema, "Jana jioni mwenyekiti wenu alikuja kununua mkate. Akaniambia, una baba mwenye huruma wewe. Amekubali aibu kwa sababu ya mwili wako. Alisema hayo mbele ya wateja."

Akilini Koleo alimwona kinyozi na tumbo lake, mwalimu na hesabu zake, na yeye mwenyewe akiwa amesimama katikati yao, mwongo kuliko wote, amejificha nyuma ya mwanawe. Alijichukia waziwazi, bila kujitetea.

"Nilidhani nakutetea," alisema.

"Ulikimbia nami lini ukaniona nachoka?"

Hakuwahi hata mara moja.

"Basi sema muda wako, baba. Wako, si wangu."

Alipiga hesabu. Alihesabu mpando, kiatu kilicholowa, nusu ya njia ambayo hata hawakuwa wameimaliza. "Saa tatu," alisema mwishowe. "Nikifika. Na wewe?"

"Mbili na nusu."

"Kwa hiyo hatutakuwa pamoja."

"Si tulisema tupange wa kweli?" Alimshika mkono akamwinua, akampangusa goti lililojaa vumbi. "Wewe njoo taratibu. Nitakungoja mwisho wa mbio. Nimezoea kukungoja."

Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira, Koleo angepata la kujibu.